Mshahara wa Askari na Ndege Isiyo na Rubani



Mwishoni mwa mwaka 2022, Rais wa Jamhuri alipowaita vijana wajiandikishe jeshini kwa wingi, kijana mmoja wa shirika letu hapa Lubumbashi alinisubiri mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Alikuwa amepata diploma ya Serikali, na kazi hakuwa nayo. "Yaya," akaniambia, "nataka kwenda. Wasemaje?" Nilimwomba anipe juma moja nifikiri.

Mimi nilikulia jirani na kambi ya askari. Rafiki niliyeketi naye darasani alikuwa mtoto wa kambini. Walikuwa watu saba katika chumba kimoja, na mvua iliponyesha walihamisha mikeka kutoka pembe hadi pembe. Siku ya mshahara, fedha zilifika mikononi mwa mkubwa wa kikosi, naye ndiye aliyezigawa. Zilikuwa zimechelewa, na zilikuwa zimepungua. Mama yake rafiki yangu aliuza makala ili watoto wale. Lakini jioni, askari wa kambi hiyohiyo walisimama njiani, wakawanyang'anya mama zetu mihogo waliyotoka nayo shambani. Niliwachukia kwa miaka mingi. Baadaye nilifahamu kwamba aliyekula mihogo ya mama yangu alikuwa na watoto wenye njaa kama mimi. Kufahamu si kuhalalisha. Hata hivyo, tangu siku hiyo kila nisikiapo habari za fedha za jeshi, nakumbuka chumba kile na mihogo ile.

Na habari hizo zimekuwa nyingi. Mwaka 2022 nchi yetu ilijipatia sheria ya mipango ya kijeshi kwa miaka 2022 hadi 2025, ili jeshi lipate zana mpya na majengo yanayofaa. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa sharti la kuarifiwa kila Serikali yetu inaponunua silaha. Ndege za kivita zisizo na rubani zikaletwa kutoka China. Kwa hesabu ya SIPRI, taasisi ya utafiti ya Stockholm, matumizi ya kijeshi ya Kongo yalizidi maradufu mwaka 2023, yakafikia dola milioni 794 hivi. Kwa asilimia, hakuna nchi nyingine duniani iliyoongeza kiasi hicho mwaka ule.

Sitaki kuwaambia kwamba fedha hizo ni dhambi. Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake, na anayeishi mbali na vita asimfundishe mkimbizi wa Rutshuru kudharau silaha. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa na M23, na mwezi uliofuata Bukavu nayo ikatekwa. Sababu za kushindwa ni nyingi, wala sidai kuzijua zote. Moja naijua tangu utoto: zana mpya hailindi mji ikiwa aishikaye hajui watoto wake watakula nini. Mwezi wa Machi 2025, Rais alitangaza kwamba mishahara ya askari imezidishwa mara mbili. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini ulikuja baada ya miji kuanguka.

Somo hili si geni kwetu. Kuanzia mwaka 2005, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia jeshi letu kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara, ili anayeamuru vitani asiwe yeye anayegawa noti. Askari walihesabiwa, wakapewa vitambulisho, na majina ya wasiokuwapo yakaanza kufutwa. Hapakuwa na kifaru wala ndege katika kazi ile. Palikuwa na daftari lililoandikwa vema. Nami nasema kwamba huko pia kulikuwa kulifanya jeshi liwe la kisasa.

Injili ya Luka yasimulia kwamba askari nao walimwendea Yohane mtoni, wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache uaskari. Aliwakataza kunyang'anya, akawataka waridhike na mshahara wao. Tumezoea kulisikia neno hilo kama onyo kwa askari peke yake. Lakini anayeambiwa aridhike na mshahara ni lazima awe ameupata. Hapo onyo linamgeukia mlipaji. Na mlipaji, kwa njia ya kodi ya soko na ya forodha, ni sisi sote. Bajeti hupigiwa kura na wabunge tuliowachagua. Bei ya silaha fulani yaweza kuwa siri. Paa la kambi linalovuja haliwezi kuwa siri, wala mjane wa askari anayezunguka maofisini akidai haki yake.

Juma lilipokwisha, nilimwambia kijana yule haya yote. Nikaongeza: "Ukienda, usichukue kamwe mihogo ya mama wa mtu." Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Akaenda.

Mara ya kwanza alipopiga simu kutoka mafunzoni, nilikuwa nyumbani kwa mama yake. Mama hakumwuliza habari za bunduki. Alimwuliza: "Umekula, mwanangu? Unalala wapi?" Sikusikia jibu. Nilimwona tu mama akitikisa kichwa polepole, simu ikiwa sikioni.

Mkutanapo katika makundi yenu, ulizeni kwanza nani kati yenu ana ndugu jeshini, mkamsikilize. Kisha mbunge atakapokuja parokiani kuomba kura, mwulizeni alichouliza mama yule.