Ua wa Mchanga, Magomeni

Masika ilipokaribia, upepo ulituletea harufu ya vumbi lililolowa kabla tone halijagusa bati letu. "Anueni nguo, Pugu kumeshanyesha," bibi alisema, naye mwenyewe ameshaanza kuvuta kanga kambani.

Njoo tusimame kwenye mlango wa uani. Mbele yetu ni mchanga mtupu wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. Umefagiwa tangu alfajiri kwa fagio la chelewa, na mistari ya fagio bado inaonekana. Kule ni mwembe, hapa mpapai, pale kisima chenye mfuniko wa bati.

Mvua inashuka. Bati linavuma hata watu hawasikilizani. Maji yanayoporomoka kutoka ukingo wa paa yanachimba vishimo vilivyojipanga mstari mmoja. Ungedhani ua utajaa, lakini haujai. Dimbwi linajikusanya chini ya kamba ya nguo, linatoa viputo, linanywea. Ukimaliza chai yako ya tangawizi limebaki doa jeusi tu. Nyungunyungu wanachomoza penye mizizi ya mwembe, na kuku wanawawahi. Vijia vya nyungunyungu hao, mizizi, na nafasi baina ya chembe za mchanga ndivyo vilivyoyapitisha maji chini. Masika ikikolea, kamba ya ndoo kisimani hushuka kidogo tu, ikagusa maji.

Bibi alipofariki, mwembe ulikatwa. Tope lilikuwa limeshaanza kuonekana dalili ya umaskini, na ua baada ya ua mtaani ulisakafiwa au kutandazwa pevingi. Kwetu lilimwagwa zege. Palipendeza, sikatai, na viatu havikuchafuka tena. Ila mvua iliyofuata ilipita uani mbio, ikatokea kichochoroni, ikaingia kwenye mtaro uliojaa mifuko, ikateremka Jangwani.

Huko chini ndiko Mto Msimbazi unakopita kuelekea baharini, karibu na Daraja la Selander. Mto hufuata bonde lake tangu zamani, na zege la Magomeni peke yake halikuufurisha. Lakini mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, yalibeba na maji ya mapaa yetu.

Kama kwenu bado kuna ua wa mchanga, tafadhali msiusakafie wote.