Staa, baiskeli yangu imekukosea nini?

Wadau, kuna staa mmoja (jina kapuni) kapost eti baiskeli zipigwe marufuku Morogoro Road, zinaongeza foleni. Nimecheka kwa hasira.

Mi nasambaza mikate kwa baiskeli toka nimalize fomu foo. Mwaka jana pale Magomeni Mapipa taa imewaka kijani, nanyoosha zangu, gari likanikatia kushoto bila indiketa. Mkono ukavunjika, mikate yote chini. Dereva hata kushuka hakushuka.

Njia ya baiskeli ipo, ilijengwa na mradi wa mwendokasi, ila utakuta bodaboda zimepaki humo humo. Sasa nipite wapi, bosi? Juu ya Prado lako?

Kesho alfajiri nipo tena Mapipa, na mkono bado haukunjiki vizuri.