Koo za Nta na Koo za Yai

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Tulifundishwa methali hii tangu shule ya msingi, na aghalabu huelekezwa kwa mvivu atafutaye kisingizio. Mimi nililelewa Garsen, kando ya Mto Tana, na mtu aliyevichagua vifaa vyake kwa uangalifu mkubwa, wala hakuwa mvivu. Mtu huyo ni mjomba wangu. Alikuwa kinyozi, na ndiye aliyeitwa na majirani kumnyoa mtoto mchanga nywele zake ifikapo siku ya saba.

Kifaa chake kilikuwa wembe wa kukunja. Bapa la chuma hulala ndani ya mpini, na mpini wenyewe ni vipande viwili vyembamba vilivyoshikamanishwa kwa misumari midogo. Wembe ukiwa kazini, mpini huutuliza mkono. Kazi ikiisha, huyaficha makali. Mpini ukipinda, bapa halilali mahali pake, na makali hubaki nje yakimngoja mtu.

Mpini wa kwanza ninaoukumbuka ulikuwa wa pembe ya ng'ombe. Pembe si adimu katika nchi ya wafugaji wa Kiorma, lakini ile ilitobolewa na wadudu. Akajaribu mti wa mathenge, ambao umetapakaa kote huko. Ni mti mgumu, ila kulowa na kukauka kila siku kuliupasua. Ndipo mjomba akageukia plastiki. Mtungi wa mafuta ya kupikia aliukataa baada ya siku moja, kwa kuwa plastiki yake ni laini, huteleza ikiguswa na sabuni, na gundi haiishiki. Akachagua kipande cha paipu ngumu ya maji. Alikipasha moto kikalainika, akakilaza chini ya ubao kikanyooka, akakikata kwa msumeno, kisha akakipiga tupa na msasa. Ukatoka mpini wa kijivu unaong'aa, nasi sote tukausifu.

Mjomba alikuwa na desturi moja asiyoivunja. Miaka ile tulikuwa tukionywa mara kwa mara juu ya Ukimwi na nyembe za kushirikiana. Kwa hiyo aliuchemsha wembe wake kila mara kabla ya kwenda kwa mtoto. Asubuhi moja aliutoa majini, nami nikaupokea kwa kitambaa ili niufunge. Sikujua kwamba plastiki ya paipu ile hulainika kwenye kiasi cha nyuzi 80 za Selsiasi, kabla maji hayajachemka. Mpini ulikuwa umepinda kama ukucha. Bapa halikuingia mpinini. Liliingia kidoleni mwangu. Kovu lingalipo.

Mjomba alinifunga kidole, akaketi kimya kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Afadhali wewe, mwanangu." Sikuudhika. Nilijua alikuwa akiufikiria utosi wa mtoto.

Siku hiyo hakwenda kunyoa. Aliingia katika vyuma vyake vikuukuu, akatoa kikaango kilichotoboka, akaung'oa mkono wake mweusi na kuutia katika maji yanayochemka. Haukulegea. Akaniambia, "Plastiki zina koo mbili, za nta na za yai. Nta iyeyushe mara mia, itaganda na kuyeyuka tena. Yai likiiva limeiva. Moto hauwezi kulirudisha nyuma." Kutokana na mkono ule akachonga mpini mpya. Udhaifu wake aliujua: ukianguka sakafuni huvunjika. Lakini alisema kwamba kuanguka ni kosa la mkono, na mkono aliweza kuuonya.

Miaka ilipita kabla sijasoma kwamba vitu vyeusi vya namna ile aghalabu ni bakelaiti, iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani. Kabla yake ilikuwapo seluloidi, ambayo Mmarekani John Wesley Hyatt alipewa hataza yake mwaka 1870. Hiyo ilitengenezewa vitana na mipini mingi ya nyembe ughaibuni, nayo ni ya ukoo wa nta. Hushika moto upesi, na ikioza hutoa mvuke unaolitia bapa kutu. Gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, ni ya ukoo wa yai. Hata hivyo, zile za kawaida hulegea katika maji ya moto ingawa haziyeyuki. Kumbe hata mayai hayalingani.

Chuoni, katika somo la istilahi, tuliwahi kujadili namna ya kuziita koo hizo kwa Kiswahili. Yalitolewa maneno marefu yaliyotafsiriwa silabi kwa silabi. Nilipopendekeza nta na yai, wenzangu walicheka, nami sikuwa na hoja ila kovu langu. Siwabezi wanaounda istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni ushahidi wa jasho lao. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya kuunda neno, tupite kwanza kwa kinyozi, kwa fundi wa baiskeli na kwa mchonga mipini. Huenda neno liko huko tayari, na limekwisha kulipiwa.

Mjomba ameacha kunyoa, na wembe amenipa mimi. Mchagua jembe huenda si mkulima. Lakini yule amnyoaye mtoto wa siku saba asichague mpini, sijui tumwite nani.