Goti la Shanga

Katika Kiswahili chetu shanga hutungwa, asumini hutungwa, samaki hutungwa, na shairi nalo hutungwa. Kitendo ni kimoja: kuvipitisha vitu vilivyotawanyika katika kitu kimoja chembamba, ili mwenye kuvibeba avibebe vyote pamoja. Waarabu nao wana neno lao nadhm, ambalo ni kupanga lulu katika uzi na pia ni kupanga maneno katika beti. Mimi ni mtu wa beti. Skuli niliiacha mapema. Ushairi niliupata barazani, na lugha ninazozifasiri nilijifunza kwa kamusi na subira. Tangu mwaka 2021 nimekuwa nikijifunza maana ya kutunga kwa njia nyengine, kwa vidole, kwa kuunda wanasesere wadogo wa shanga na waya.

Mwanasesere wa namna hii hazidi urefu wa kidole. Waya wake ni wa shaba, wenye unene wa nusu milimita au karibu na hapo. Mimi huupata kwa mafundi wa kusuka mota, wanaoutoa katika feni zilizoungua. Kichwa ni ushanga mmoja mkubwa. Waya hupitishwa humo, hukunjwa katikati, na ncha zake mbili hushuka pamoja kupitia shanga za shingo na kiwiliwili, kisha huachana zikawa miguu. Mikono hutokana na waya wa pili, unaokatiza chini ya shingo. Kila ncha inapofika kwenye kiganja au unyayo, huzungushwa ushanga wa mwisho na kurudishwa ndani ya shanga zilizotangulia, ili zisimwagike.

Ama siri yote imo katika viungo. Ushanga mrefu, ule mfano wa kijibomba, haukunjiki. Huo ndio mfupa. Baina ya mifupa miwili hutiwa ushanga mdogo wa duara, na ubavuni mwake huachwa nafasi, kama unene wa ukucha. Hapo ndipo goti. Ukizibana shanga kwa kupenda unadhifu, mwanasesere atapendeza machoni lakini atasimama kama nguzo maisha yake yote. Ukimzidishia nafasi, atalegea asiweze hata kuketi. Na aliyetungwa vyema naye ana ajali yake: shaba ikikunjwa na kukunjuliwa pahala pamoja mara nyingi huwa ngumu, kisha hukatika. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa mwanasesere ni pale pale penye uhai wake.

Visiwani kwetu shanga si jambo geni. Huko Tumbe, Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vingi vyenye mifereji, ambavyo wakaazi wa kati ya karne ya 7 na ya 10 walivitumia kusugulia vipande vya makombe ya baharini mpaka vikawa shanga. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko la shanga za kioo, nyingi zikitoka Venice. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari yake ya bara, alitaja aina zipatazo 400. Misafara ilizipandisha bara zikatumika kama fedha, na ole wake aliyebeba rangi isiyotakiwa na watu wa njia yake. Shanga, basi, zimekuwa pambo na zimekuwa sarafu. Nyumbani kwetu zimekuwa usemi.

Dada yangu mkubwa alipatwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wake wa kulia ulilala, na maneno yakamkimbia. Huyu ndiye aliyenifunza tenzi kabla sijajua kusoma, akizighani huku akisuka ukili. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishauri apewe vitu vidogo vya kuokota, nami nikaleta sahani ya shanga. Mimi nilishika waya, yeye akatia ushanga. Siku za mwanzo, shanga tatu zilikuwa kazi ya asubuhi nzima.

Jioni moja, tukiwa katika kazi hiyo, nilighani kwa sauti ya chini utenzi mmoja wa zamani. Akaudaka. Mtu asiyeweza kutamka neno "maji" alighani ubeti kamili, mizani minane kila kipande, vina vitatu mahala pake na bahari mwishoni. Matabibu wanalijua jambo hili: wapo waliopotewa na usemi kwa kiharusi ambao bado huweza kuimba, au kusoma kwa moyo waliyoyahifadhi utotoni. Lakini kulijua ni mbali na kulisikia kwa dada yako. Shanga zilikuwa zimemwagika sakafuni, na waya ulikuwa umebaki.

Hata hivyo ubeti ule haukuweza kuomba maji. Ulitoka kama ulivyoingia miaka hamsini nyuma, mzuri na mzima, wala haukukunjika upande wowote. Alipotaka kukataa dawa, au kuuliza nani amebisha hodi, haukumfaa kitu. Ndipo akaanza kuwatumia wanasesere. Alimchukua mmoja kwa mkono wa kushoto, akamkunja kiganja mpaka kichwani: kichwa kinamuuma. Alimlaza ubavu: anataka kupumzika. Alimpigisha magoti, na mimi nikamletea mswala.

Kisha siku moja akawasimamisha wawili, akawapa mgongo. Sikuhitaji kuuliza. Kaka zetu wawili walikuwa hawasalimiani tangu mgao wa shamba la mikarafuu aliloacha baba. Dada aliwatazama wanasesere wale kitambo kirefu, akawageuza wakaelekeana, akaunyanyua mkono wa mmoja na kuuweka begani kwa mwenziwe. Halafu akausukuma mkeka kwangu.

Nikawafunga ndani ya leso vile vile walivyo, nikaenda nao kwa kaka wa kwanza, kisha kwa wa pili. Sikuongeza neno, kazi ya mfasiri ni kufikisha. Ijumaa iliyofuata walikuja wote wawili, wakaketi kwa dada mpaka alasiri. Waliyozungumza ni yao, na mgogoro wa shamba haukwisha siku ile. Lakini salamu zilirudi, naye akazisikia akiwa hai.

Wapenzi wa ushairi wanaufahamu mjadala wetu wa siku nyingi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na wengi wetu tulijifunza humo hesabu za vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoziacha sheria hizo, na malumbano yakapamba moto. Mimi nilikuwa, na ningali, upande wa mizani. Nimeona kwa macho yangu kilichobaki kichwani mwa mtu pale kila kitu kilipotawanyika, na kilikuwa na mizani minane.

Ila nimeona pia kwamba kubaki hakutoshi. Shairi lililobanwa kila upande litahifadhiwa, litaghaniwa, na siku ya haja halitamwinua aliyeanguka. Lisilo na waya nalo litasema leo, na kesho tutakuwa tukiokota punje zake chini ya mkeka. Vijana huniletea mashairi yao niwatazamie. Zamani nilikuwa nikianza kwa kuhesabu mizani kwa vidole, na hata leo nahesabu. Nikishamaliza, nawauliza swali moja zaidi: goti liko wapi?