Udongo Wangu Niliuona Masinga

Mimi ni mkulima. Shamba langu liko Murang'a, katika mteremko ushukao hadi mto Mathioya, na kwa muda wa miaka mingi shemeji yangu aliyekuwa karani huko Matuu alikuwa akinicheka, akisema, "Shemeji, utakufa bila ya kuona ziwa." Nami humjibu kwamba mtu mwenye mito ya maji baridi hana haja ya kwenda Ukambani kutazama maji. Lakini baada ya mvua kubwa za mwaka 2024, aliponiarifu kwamba bwawa la Masinga limejaa hata likafurika, nikaona afadhali niende nikatazame kabla magoti yangu hayajakataa safari.

Tulipita Thika, tukapita Matuu, kisha tukaiacha barabara kuu iendayo Garissa. Nchi yenyewe ni kavu, ya miiba na mawe, na joto lake si mchezo. Njiani tulimwona mwanamke akiswaga punda wawili waliobeba madumu ya maji, na juu ya kichwa chake zimepita nyaya nene za stima zielekeazo Nairobi. Mara ziwa likatokea. Sikutazamia ukubwa ule. Linapojaa, wasema, lafunika maili za mraba zaidi ya arobaini, yaani kilomita za mraba 120 hivi; nami nilisimama kama mtoto aliyepelekwa mjini mara ya kwanza.

Hapo pana hoteli juu ya ukingo wa maji, na watu wengi huja siku za mapumziko kula samaki, kupanda mashua na kuwatazama viboko. Mamba nao wamo, kwa hiyo asithubutu mtu kunawa miguu popote apendapo. Nilimwona furukombe akishuka na kuinuka na samaki mguuni, wala maji hayakuruka sana. Perege tulioletewa alikuwa mzuri, ila bei yake ilikuwa ya wageni.

Shemeji, ambaye hupenda kueleza mambo, alinifahamisha kazi ya mahali pale. Bwawa lilimalizika mwaka 1981, na ziwa laweza kuweka maji kiasi cha mita za ujazo milioni 1,560. Mitambo ya Masinga yenyewe ni midogo, yatoa megawati 40 tu. Bali faida yake kubwa ni kuwa ghala: maji ya masika huwekwa hapa, kisha hufunguliwa polepole wakati wa kiangazi, yakazungusha mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kila kituo chini ya mwenziwe katika mto ule ule wa Tana. Tone moja la maji lafanya kazi mara tano. Nilifurahi sana kusikia hayo, kwa kuwa hata taa ya nyumbani kwangu yatokana na maji kama hayo.

Kisha tukashuka palipokuwa na wavuvi. Mmoja wao, kijana wa Kikamba, alikuwa akisafisha nyavu zake, na maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Tukasalimiana. Akaniuliza, "Mzee, watoka upande gani?" Nikamwambia Murang'a. Akacheka, akachota tope kwa mkono, akanionyesha. "Basi hii ni mali yenu, mzee. Kila mvua mnatuletea."

Nilicheka pamoja naye, ila tope lile nililitambua. Rangi yake ni ile ile inayoshika viatu vyangu mwezi wa Aprili. Mathioya huingia katika Tana, na Tana huingia ziwani. Maji yakifika hapo hupoteza mwendo, na mzigo yaliouchukua huutua chini. Ghala hilo, basi, hujaa udongo mahali palipokusudiwa maji, nao haufunguliwi ukatoka kama maji. Sehemu ya chini ya shamba langu, karibu na mto, haina matuta hata moja. Mahindi yake yamekuwa mafupi miaka mingi, nami nalilaumu mbegu.

Na hapa yanipasa kusema jambo la nyumbani. Mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa miongoni mwa wanawake wa Murang'a waliokataa kuchimba matuta mwaka 1948. Siku zile serikali ya kikoloni iliwalazimisha kwenda kuchimba bila ujira, wakisimamiwa kama wafungwa. Sisi watoto wake tulikua tukijivunia jambo hilo, na mimi nililifanya kuwa udhuru: mtu akinitajia matuta, humwambia kwamba kwetu tulikwisha kuyakataa. Walakini mama mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, alikuwa na matuta manne aliyoyachimba kwa mkono wake, akayapanda majani ya ng'ombe. Alipoulizwa alisema, "Nilikataa msimamizi. Udongo sikuukataa."

Matuta hayo manne yapo hata leo, na hapo ndipo ninapopata viazi vikubwa.

Njiani kurudi shemeji aliniuliza kama nimelipenda ziwa. Nikamjibu ndiyo, kisha nikamwuliza kama ana jembe la ziada. Alidhani natania. Jumatatu alikuja nalo, tukaanza kupima kutoka juu kwa kamba na mambo.