Mashine ya Mtumba, Seva ya Kujitolea

Tarehe 8 Aprili 2024, Nintendo walizima huduma ya kucheza mtandaoni kwenye mashine zao mbili, 3DS na Wii U. Duka la gemu zake walikuwa wameshalifunga tangu Machi 2023. Kwa kijana wa Tokyo au London hiyo ilikuwa habari ya kuagana tu. 3DS yake anayo tangu 2011, ameshaichoka, na Switch iko mezani.

Huku Kwale hesabu ni nyingine. Mashine hutufikia uzeeni. Huanza kwa mtoto wa tajiri, ikahamia kwa mdogo wake, kisha ikaingia kwenye begi la mtu anayerudi nyumbani kutoka Ghuba. Ikifika Msambweni, wenyewe washafunga mlango.

Zetu zililetwa na dadangu. Anafanya kazi za nyumbani Muscat, na watoto wa bosi wake walipopata Switch, yeye akapewa 3DS mbili na kadi mbili za Mario Kart 7. Akaja nazo likizo Disemba 2024. Moja ilikuwa ya mwanawe wa miaka tisa, anayelelewa na mama yetu Msambweni. Ya pili alitaka kurudi nayo. Mpango wake ulikuwa mwepisi: Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika, kwa hiyo Ijumaa atacheza na mtoto. Simu za video zilikuwa zimewashinda. Mtoto husema “niko sawa” mara tatu, kisha anampa bibi yake simu.

Mashine hizo zikiwa chumba kimoja, zinaonana bila intaneti. Kati ya Msambweni na Muscat kuna bahari, na seva ya kuzikutanisha ilikuwa imezimwa miezi minane nyuma.

Mimi nilisomea kompyuta hadi mwaka wa pili, karo ikatushinda. Siku moja niliingiza nenosiri kwenye mfumo wa chuo, nikajibiwa kwamba akaunti yangu haitambuliki. Sasa naishi Ukunda na kuandika makala za kulipwa kwa kila kipande. Kwa hiyo hisia ya kugonga mlango uliokuwa wako jana, hiyo naijua vizuri.

Mlango mwingine upo, unaitwa Pretendo. Ni mradi wa watu wanaojitolea, na hauna uhusiano na Nintendo. Waliuanza seva rasmi zingali hai, na hapo ndipo penye akili. Programu ya seva hawakuwa nayo, maana hiyo haijawahi kutoka kwenye kompyuta za kampuni. Walichoweza ni kusikiliza. Waliomba wachezaji warekodi mazungumzo kati ya mashine na seva na kuwatumia. Mashine ikiuliza hivi, seva inajibu vile. Kutokana na majibu hayo wakaandika seva yao upya, mstari kwa mstari, wakaweka kazi yote wazi, mtu yeyote aisome na kuichukua.

Si wa kwanza. Nintendo walipozima huduma ya Wii na DS tarehe 20 Mei 2014, mradi wa Wiimmfi uliipokea Mario Kart Wii. Xbox ya kwanza ilikatiwa huduma tarehe 15 Aprili 2010, na leo ina Insignia.

Kuna atakayeuliza, si wizi huo? Kadi za gemu ni halali, zilinunuliwa dukani. Seva imeandikwa na waliojitolea. Ninachobadilisha ni mlango ambao mashine inagonga. Ruhusa ya Nintendo hatuna, sitaficha. Lakini waliomuuzia mtu gemu ya kucheza na wenzake, kisha wakawaondoa wenzake, nao wana swali la kujibu.

Usiku mmoja niliflashi zote mbili, kama fundi anavyoflashi simu. Mama na mwana wakaandikishana namba za urafiki, tarakimu 12 kila mmoja. Dadangu akarudi kazini.

Ijumaa ya kwanza haikushika. Seva ya Mario Kart 7 kazi yake ni kukutanisha wachezaji. Baada ya hapo mashine huongea zenyewe kwa zenyewe. Sisi tulikuwa kwenye hotspot ya simu, na mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama ploti ya vyumba arubaini yenye lango moja lisilo na bawabu. Mgeni anafika langoni, hajui agonge chumba kipi. Dawa ilikuwa waifai ya jirani yangu aliyevutiwa waya. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa mpwa wangu anapanda matatu kuja Ukunda.

Kusini kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo. Wadigo walihama msituni zamani wakajenga nje, lakini wazee hawakuuacha. Mpaka leo mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya za Mijikenda kwenye urithi wa dunia, ila utunzaji ulikuwepo kabla ya cheti. Huwa nawafikiria wazee wale ninaposoma kazi ya Pretendo. Wakazi wamehama, na bado kuna anayejua utaratibu wa kuingia.

Seva za kujitolea nazo zinaweza kuzimika. Waliozijenga wana kazi, wana kodi ya nyumba, watachoka. Ndiyo maana nakala ya kazi yao iko kwenye laptopu yangu, na naisoma polepole, kwa mpangilio ambao chuo hakikunifikisha.

Ijumaa iliyopita, saa kumi kwetu, saa kumi na moja Muscat, dadangu alimrushia mwanawe gamba jekundu la kobe hatua chache kabla ya utepe, akampita. Mtoto alinuna kutoka kwangu hadi steji. “Mjomba, mwambie mama acheze vizuri,” akasema. Nikamwambia amwambie mwenyewe. Usiku huo, mama ananiambia, yeye ndiye aliyeomba simu, na walibishana mpaka kredi ikaisha.