Magari Mawili Hadi Iringa

Mwanamke akishika mimba ya kwanza, ndugu huanza kuhesabu: khanga za kumpokelea mtoto, beseni, nepi, chandarua, na nani atakayekuja kukaa na mzazi siku za mwanzo. Siku hizi wanandoa wengi wa mijini wameongeza jambo jingine katika hesabu hiyo, nalo ni gari. Sisi tunaofanya kazi katika kliniki ya wajawazito tunaulizwa habari zake mara kwa mara, ingawa ufundi hatukuusomea. "Sista, tununue Noah au IST?" "Nesi, ni kweli gari lenye kurukaruka hutoa mimba?"

Wanaouliza hutegemea jibu la haraka. Lakini gari la familia halijulikani kwa kulizunguka mara moja yadini na kupiga teke tairi. Hujulikana njiani, likiwa na watu, mizigo na mtoto anayelia. Ndiyo maana tunapenda kuwasimulia akina mama wenzetu safari yetu ya Iringa.

Tulikuwa tumealikwa harusi. Tuliondoka Dar es Salaam akina mama watatu wa kanisa moja, wawili kati yetu wauguzi, pamoja na wanandoa vijana ambao mke alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa na afya njema, kliniki walimruhusu, na kadi yake ilikuwa mkobani. (Mjamzito asisafiri bila kadi ya kliniki, hata kama anakwenda kulala siku moja tu.) Alikuwapo pia binti wa mmoja wetu na mtoto wake wa miezi kumi. Magari yalikuwa mawili: Noah ya shemeji yao, ambayo aliiendesha mwenyewe, na IST ya mmoja wetu. Vijana wale walikuwa na fedha ya kununua gari moja, tena kwa kujibana. Mume aliitaka Noah, mke hakuwa na uhakika. Tukakubaliana kwamba wapande yote mawili kwa zamu, waone wenyewe.

Ubishi ulianza kabla hatujatoka uani. Binti yetu ana kiti cha mtoto cha gari, kile kinachofungwa kikiangalia nyuma. Tulipotaka kukifunga ndani ya Noah, mikanda ya safu ya kati haikuonekana. Tulipapasa huku na huku, tukafunua vitambaa vilivyoshonewa viti, na kumbe vifungio vyote vilikuwa vimefunikwa chini yake! Shemeji alicheka akasema tangu anunue gari hajawahi kuulizwa mikanda ya nyuma. Tulivua kile kitambaa, tukafunga kiti, tukakitikisa hadi tukaridhika kwamba hakichezi.

Dada msomaji, hapo ndipo tungependa uanze ukienda kutazama gari. Usianzie kwenye boneti, huko mwachie fundi. Fungua mlango wa nyuma, kaa pale atakapokaa mtoto, uvute kila mkanda. Mkanda mzuri una sehemu mbili, moja ya kiunoni na moja ya begani, tena hukaza ukivutwa kwa ghafla. Katika magari mengi ya zamani nafasi ya katikati ina mkanda wa kiunoni tu, na mtoto mkubwa anayekalia kiti cha kumwinua hawezi kulindwa sawasawa na mkanda huo. Yapo na magari makubwa ya safari, yale yanayotamaniwa na akina baba, ambayo nyuma yana mabenchi ya ubavuni, watu wakikaa wametazamana. Benchi kama hilo lafaa kubebea magunia. Si mahali pa watoto.

Tukaondoka. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 190, na barabara hiyo ndiyo hubeba malori yaendayo Zambia, Malawi na Kongo. Mlandizi, Ruvu, Chalinze, kote huko unakwenda kwa mwendo wa lori lililo mbele yako. Hapo ndipo mume alipoanza kuisifu Noah. Ukikaa ndani yake unaona mbali, mlango wake husukumwa pembeni bila kugonga gari la jirani, na mama anaweza kumwinamia mtoto bila kujikunja. Alisema kweli. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hatakiwi kunyanyua vizito majuma ya kwanza, wala kujipinda. Gari ambalo kiti chake kiko usawa wa nyonga, usipande kama ngazi wala usizame kama shimoni, humfaa kuliko lolote.

Chalinze tulisimama. Tulikuwa tumeamua kusimama kila baada ya saa mbili, mjamzito ateremke atembee kidogo, maana kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Wauza machungwa walituzunguka. Tulipomaliza kununua, tukahamisha kiti cha mtoto kukipeleka kwenye IST, na mambo yakageuka. Kiti kinachoangalia nyuma kina urefu. Tulipokiweka nyuma ya dereva, mume, ambaye ni mrefu, magoti yake yakagusa usukani. Akatutazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

"Kiwekeni nyuma yangu mimi," akasema mke. Yeye ni mfupi. Akasogeza kiti chake cha mbele, akakaa vizuri, na kiti cha mtoto kikatulia nyuma yake. Tena upande huo wa kushoto ndio bora, kwa kuwa hapa kwetu tunaendesha kushoto, na mtoto atateremshwa pembeni mwa barabara, si katikati ya magari. Mume hakujibu neno. Tangu siku hiyo kila mtu atuulizaye tunamwambia: azima kiti cha mtoto, nenda nacho yadini, kifunge ndani ya gari, kisha mwenzako akae mbele yake. Ni jambo la dakika kumi.

Wapo watakaosema viti hivi ni mambo ya Wazungu, mtoto wetu hupakatwa. Neno hilo tulilisikia Morogoro tulipokula chakula cha mchana, na tukalisikia tena Iringa kwa bibi mmoja tunayemheshimu sana. Hatukubishana naye. Lakini wewe msomaji tutakuambia tunachokijua. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo yake ni laini. Gari likisimama ghafla, mwili wake huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule wa gari, na hakuna mkono wa mama uwezao kumzuia. Vibaya zaidi, mama asiyefunga mkanda humgandamiza mtoto kwa uzito wake mwenyewe. Mtoto akiangalia nyuma, mgongo wote wa kiti humpokea, kichwa na shingo pamoja. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, hutaka mtoto aangalie nyuma hadi apite miezi 15. Shirika la Afya Duniani nalo husema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na haikuandikwa kwa kufikiria viti vya watoto. Kwa hiyo mama asingoje askari amsimamishe ndipo akumbuke.

Na kiti hicho kisiwekwe mbele ikiwa gari lina mfuko wa hewa upande wa abiria. Mfuko ule hufumuka kwa nguvu ya kumwua mtoto aliyeangalia nyuma. Magari mengi tuyapatayo kutoka Japani unao.

Baada ya Morogoro, Milima ya Uluguru ikibaki nyuma yetu, njia huingia Hifadhi ya Mikumi na kuikata kwa kilomita zipatazo 50. Tuliona twiga, pundamilia, na nyani waliokaa kando ya lami kama wazee wa baraza. Madereva hutakiwa kwenda polepole, kwa sababu wanyama hukatiza bila taarifa. Dereva wa basi lililotutangulia alikanyaga breki ghafla kwa ajili ya ngiri, nasi tukakanyaga za kwetu. Mfuko wa machungwa uliokuwa juu ya kiti ukatawanyika hadi miguuni mwa dereva. Mtoto alitikisika kitini mwake, akafumbua macho, akalala tena. Mjamzito wetu alishika tumbo. Tukasimama mbele kidogo, tukamtazama, tukauliza kama mtoto anacheza. Alikuwa anacheza.

Alikuwa amefunga mkanda kama tulivyomwonyesha asubuhi: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, ya juu ipite katikati ya matiti na kuambaa pembeni mwa tumbo. Wajawazito wengi huacha mkanda wakidhani utambana mtoto. Kumbe asiyefunga ndiye aliye hatarini, kwa kuwa tumbo likigonga mbele kondo la nyuma laweza kubanduka. Na mjamzito anayeendesha mwenyewe asogeze kiti nyuma, kifua chake kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi.

Kutoka Mikumi unateremka Ruaha Mbuyuni, bonde la mibuyu na vitunguu, ambako joto hukufanya ujute kuvaa koti. Kisha unaanza kupanda Kitonga. Mlima huu una kona juu ya kona, na malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. IST yetu ilikuwa na CC 1300, watu wanne wazima na mtoto, na mizigo ya harusi. Tulizima kiyoyozi ili isichoke, tukafungua madirisha, ikapanda taratibu, ikafika. Noah yenye CC 2000 ilitungoja juu. Mume akauliza, "Mmeona?" Tuliona. Lakini tulimwuliza na sisi: kwa mwaka mmoja utapanda Kitonga mara ngapi? Akahesabu: mara moja, labda mbili. Na kutoka nyumbani Kimara kwenda kazini na kliniki? Kila siku. Mafuta ya kila siku ndiyo yatakayomega fedha ya maziwa.

Iringa ni baridi, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Harusi ilikuwa nzuri, nasi hatutaisimulia, maana wasomaji wetu wameona harusi. La maana ni yale yaliyotokea Jumamosi na Jumapili. Gari lenye viti vingi huonekana kwa ndugu wote. Noah ile ilibeba shangazi, wajomba, keki, masufuria, na watoto wa jirani. Kila safari, kiti cha mtoto ndicho kilichoondolewa kwanza ili mtu mzima apate pa kukaa. Mara ya tatu binti yetu alikuwa safu ya mwisho, mtoto mapajani, amebanwa kati ya mama wawili wenye vitenge vipya. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Kwetu ni vigumu kumwambia mkwe kwamba kiti kilicho tupu kina mwenyewe.

Mke kijana aliliona hilo. Jioni, tukiota moto, alisema polepole kwamba yeye haogopi gari dogo, anaogopa gari ambalo hatakuwa na sauti ndani yake. Mumewe alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kiti cha mtoto kikishafungwa, yeye ndiye atakayewaambia ndugu zake kuwa hakifunguliwi. Wanaume wachache hujitwisha mzigo huo mbele ya ukoo wao. Kwa maoni yetu ahadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya magari.

Tusieleweke vibaya. Mwenye watoto watatu hawezi kuenea IST; viti vitatu vya watoto havikai nyuma ya gari dogo namna hiyo. Yeye atafute Noah, Wish, Sienta au jingine la safu tatu, ila apime umbali kati ya migongo ya safu ya mwisho na mlango wa nyuma, maana katika baadhi yake nafasi hiyo ni ndogo sana. Na akirudi nyuma uani mwake ateremke kwanza atazame. Nyuma ya gari la juu mtoto wa miaka miwili haonekani kabisa. Lakini wanaotarajia mtoto mmoja wanunue gari la mtoto mmoja. Gari la watoto wanne ambao bado hawajazaliwa huzeeka likiwangoja, na hapa Tanzania gari linaloingizwa likiwa limepita miaka 8 hutozwa nyongeza ya ushuru kwa ajili ya uchakavu.

Tulirudi Dar es Salaam Jumatatu. Majuma mawili baadaye wanandoa wale walituomba tuwasindikize yadini. Mke alikuja na kile kiti alichoazima kwa binti yetu, amekikumbatia juu ya tumbo, na muuzaji akadhani amekuja kuuza. Walifunga kiti katika magari manne, wakachagua IST namba D, ambayo mikanda yake mitatu ya nyuma yote ilivutika na kukaza. Muuzaji alizisifu tairi, eti bado zina kashata. Mmoja wetu akachuchumaa, akatafuta ubavuni mwa tairi zile tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilisomeka 1114. Wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mume akatoa karatasi mfukoni, akaandika bei ya tairi nne mpya chini ya bei ya kiti cha mtoto, akaanza kumwomba muuzaji apunguze.